Kitanda Kilichokazwa Kama Ngoma

Hakuna atakayekiamini kisa hiki. Asiyeamini na aende akamuulize mwenyewe, mradi amkute amekaa, na hapo ndipo atakaposhindwa, maana Kiguu-na-Njia hajakutwa amekaa tangu mama yake amzae. Wenye wivu husema alizaliwa kama watoto wengine. Mjomba wake, ambaye alikuwepo, anajua kwamba mtoto alitoka akitembea na kumuuliza mkunga mlango uko wapi.

Huyo mjomba atatajwa humu mara chache tu, kwa ajili ya unyenyekevu. Ni mtu mtanashati, mwenye sauti nzito na ushauri mwingi, aliyesoma mpaka shule yenyewe ikamwambia basi, inatosha. Lakini kisa si chake. Ni cha mpwa wake, na cha shimo lililotaka kummeza baba mtu.

Sasa, mtu asiyejua kukaa, Mungu akampa kazi gani? Kutengeneza viti. Binti huyu ni fundi wa makochi. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndiyo karakana: sponji zimepangwa mpaka karibu na dari, mifupa ya makochi ya watu imesimama uchi ikisubiri nguo, na harufu ya gundi ni kali kiasi cha kumfanya mtu awasamehe maadui zake. Anakula amesimama. Akipigiwa simu huzunguka meza mpaka anayempigia asikie kizunguzungu. Chai yake huachwa nusu juu ya dirisha, nusu nyingine juu ya mashine, na yeye yuko barabarani anatafuta kikombe.

Fahari yake ni moja tu: kukaza. Kitambaa cha Kiguu-na-Njia hakina kunyanzi. Anakivuta kwa koleo, anapiga stepla, anavuta tena, meno yameuma mdomo, mpaka kiti kinalia. Halafu anakirushia kifungo cha koti. Kifungo kikilala hapo kilipoangukia, anabomoa na kuanza upya. Kikiruka, mteja aitwe.

Baba yake ni Mzee Breki, dereva wa malori mstaafu, aliyeitwa hivyo kwa sababu, wasema waliowahi kupanda naye, breki ndicho kifaa pekee ndani ya lori ambacho hakuwahi kukigusa. Asubuhi moja kiharusi kilimkuta anafunga kamba za viatu. Upande wa kushoto ukazimika, mkono na mguu, na huko nyuma, mgongoni mpaka matakoni, akabaki anapata habari nusunusu. Ulimi haukuguswa. Ulimi wa Mzee Breki ulikuwa umeumbwa kwa ajili ya watu wawili, kwa hiyo hata ungezimika nusu, familia isingetambua.

Alilazwa hospitali mpaka akawachoka na wao wakamchoka. Siku anarudishwa nyumbani, amelazwa kwenye machela kama kabati, aliapa mbele ya mlango wake:

"Humu naingia nimelala. Nikitoka, nitatoka nimekaa kama binadamu, au nitatoka mabegani mwa watu. Hospitali sirudi. Shemeji, umenisikia?"

"Nimekusikia, shemeji," akajibu mjomba. "Hata waliokuwa ng'ambo ya barabara wamekusikia."

Kiguu-na-Njia akasema baba yake hatalalia godoro la dukani, akajifungia karakanani. Alichagua sponji ngumu kuliko zote, ile ya viti vya ofisini isiyobonyea hata ukilaliwa na ng'ombe. Akaivalisha ngozi ya plastiki ya rangi ya damu ya mzee, ili hata baba akichafua, ifutwe kwa kitambaa mara moja. Akaikaza. Jamani, aliikaza! Upande wa kichwa akautengeneza uinuke, ili mzee awe anaona barabara kupitia dirishani na kuwakosoa madereva.

"Mjomba, rusha kifungo."

Mjomba akarusha. Kifungo kikaruka, kikagonga dari, kikatoboa bati, na mpaka leo hakijarudi.

Majirani walikuja kukitazama kile kitanda kama watu wanaotazama gari jipya. Mzee Breki alilazwa, akasema, "Mwanangu, kitanda kizuri. Lakini ni kigumu kama benchi la mahabusu."

"Si kigumu, baba. Ni imara. Utakizoea."

"Haya. Hata lori nililizoea."

Lakini lori na kitanda ni vitu viwili, na hapo ndipo kosa lilipojificha. Dereva akiwa kwenye usukani hatulii: anageuka kutukana, anainuka kuchungulia kioo, anahamisha uzito kutoka tako hili kwenda lile bila kujua kama anahamisha. Hata anayelala usingizi wa pono hujigeuza. Mwili ukiumia mahali hupiga kelele kimyakimya, na mwenye mwili husogea. Mzee Breki hakusikia kelele, na hata angesikia, asingeweza kusogea.

Tena ile ngozi ya plastiki ilikuwa inateleza, na kichwa cha kitanda kilikuwa juu. Basi mzee akawa anashuka polepole kama mzigo uliofungwa vibaya. Kila Kiguu-na-Njia alipopita, alimkuta kidevu kimezama kifuani. Anamshika makwapani, anamvuta, haya juu! Tayari yuko karakanani. Alikuwa anapita mara nyingi kuliko upepo. Aliamini kupita ndiyo kuuguza.

Doa aliliona siku anamwogesha baba yake. Lilikuwa juu ya kifandugu, ule mfupa wa mwisho wa mgongo, mahali ambapo binadamu angekuwa na mkia kama angejaliwa. Ngozi ya mzee ni nyeusi tii, kwa hiyo usitegemee wekundu. Palikuwa pameiva rangi ya zambarau, pagumu, na pana joto kuliko pembeni. Akapabonyeza. Hapakubadilika rangi.

"Damu imelala hapa," akajiambia. "Tuiamshe."

Akachukua mafuta akapasugua, kwa mikono ile ile inayokaza makochi. Kesho yake akasugua zaidi. Pakatoka lengelenge, lengelenge likapasuka, na pakabaki kidonda cha ukubwa wa kifungo cha koti. Hapo Kiguu-na-Njia akafanya jambo ambalo wenye fahari hulifanya: akanyamaza. Watu watasema nini? Fundi mzima, kitanda kile, halafu baba yake ana kidonda cha kulalia? Akafunga pazia. Akapaka spiriti, akanyunyiza poda, akamlaza baba ubavu mbele ya dirisha dakika chache ili upepo ukaushe, akamrudisha chali.

Kidonda kikakauka. Juu yake pakaota kifuniko cheusi, kigumu, cha kung'aa kama kiatu. Siku hiyo alimfuata mjomba wake mpaka kibarazani, furaha imemjaa, anarukaruka mguu hadi mguu.

"Kimefunga, mjomba! Kimejivalisha chenyewe."

"Nini kimefunga?"

Ndipo akasema. Na mjomba, kwa busara yake yote, akauliza swali la kitaalamu: "Kimekaza?"

"Kama ngoma!"

Wakafurahi wote wawili. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini wakati mwingine maradhi hujiumbua yenyewe kwanza. Siku chache baadaye chumba cha mzee kikaanza kutoa harufu ambayo hata gundi haikuweza kuifunika. Mzee akapata homa. Akaacha kula, akaacha kutukana madereva. Barabara nzima ilihisi kuna kitu kimepungua.

Nesi wa zahanati aliitwa. Ni mama mfupi, miwani yake imefungwa uzi sikioni, na humwita kila mtu "mwanangu", hata waliomzidi umri na akili, kama mjomba. Alimgeuza mzee, akakitazama kile kifuniko, akakigusa pembeni kwa kidole chenye glavu. Kikabonyea. Chini yake kulikuwa na maji.

"Nani aliyefurahi kukiona hiki?" akauliza.

Mjomba akatazama dari, pale kifungo kilipopitia.

"Hiki si kifuniko, mwanangu. Hii ni nyama iliyokufa. Imeziba mlango, na nyuma ya mlango pameoza."

Akaenda akarudi na tabibu. Wakakiondoa, wakaosha, mzee akachomwa sindano na kuachiwa vidonge vya homa. Mjomba alichungulia kidogo, akatoka nje kuangalia hali ya hewa. Msimulizi mwingine angesema shimo lile lingemeza ngumi. Lilimeza kidole gumba cha nesi mpaka kwenye fundo la kwanza. Hilo latosha kumnyima mtu usingizi.

"Mfupa sijauona," nesi akasema akivua glavu, "lakini hauko mbali. Nikija nikauona, au homa ikirudi, huyu ni wa hospitali. Hapo hakuna mjadala."

"Hospitali sirudi," mzee akasema, uso umelala kwenye mto.

"Basi mwambie huyu binti yako, si mimi."

Kiguu-na-Njia alikuwa ameshauzunguka mlango mara kadhaa. Aliingia, akatoka, akaingia tena na beseni asilolihitaji mtu. "Lakini nilimsugua, nesi. Kila siku. Na kitanda nimekitengeneza mwenyewe, hakuna kitanda kama hiki mtaa mzima."

"Ah. Umekitengeneza wewe?" Nesi akakipiga kile kitanda kofi. Kikalia, du. "Hebu njoo. Leta mkono."

Akauchukua mkono wake, akauingiza chini ya baba yake, kiganja juu, pembeni tu ya kidonda, kati ya mfupa wa mzee na ile ngozi iliyokazwa. "Uache hapo. Usiutoe mpaka nikwambie."

Nesi akaanza kupanga vitu vyake taratibu. Akakunja bandeji. Akauliza habari za mvua. Kiguu-na-Njia akasimama ameinama, mtu ambaye hajawahi kutulia mahali, ameshikwa na baba yake mwenyewe kama panya. Kwanza alisikia uzito. Halafu joto. Halafu vidole vikaanza kuwaka, kama vimewekwa kati ya nyundo na ubao. Halafu, na hili ndilo lililomtisha, vidole vikanyamaza. Akauchomoa mkono bila ruhusa.

Vidole vilikuwa vimepauka, na vifundo vimebaki na alama ya mshono wa kitanda chake.

"Kwa nini umetoa?" nesi akauliza.

"Vimekufa ganzi!"

"Umetoa kwa sababu umepata habari. Baba yako hapati habari. Nyama yake imekaa hapo ulipokuwa umeweka mkono, mfupa juu, kitanda chako chini, na mshipa wa damu umebanwa katikati. Nyama isiyopata damu hufa. Na huanza kufa kule ndani, karibu na mfupa. Juu ni mwisho wa habari. Ulipoona doa, ndani palikuwa pameshaharibika. Ukaja ukasugua, ukamalizia."

Mzee Breki akasema kutoka kwenye mto, "Nilikwambia ni benchi la mahabusu."

Kiguu-na-Njia hakucheka. Alienda karakanani, wakamsikia anatupatupa vyuma. Alirudi na kile kijembe chake cha kufumulia nyuzi. Wakamhamishia mzee kwenye godoro la jirani, na yeye akaanza kukichana kitanda. Tangu awe fundi, kubomoa kazi ya kifungo kilichoruka hakujawahi kumtokea. Stepla zilikuwa zinaruka kama panzi. Ngozi ilipoachia ilitoa sauti ya mtu anayepumua baada ya kushika pumzi muda mrefu. Mjomba alimwona anafuta uso kwa kiwiko, binti akasema ni vumbi la sponji, na mjomba akakubali kwamba ni vumbi la sponji.

Ni mjomba huyohuyo aliyeleta suluhisho la kwanza la kisayansi. Alikuja amevaa tyubu ya gurudumu la gari begani kama shada. "Tunaijaza upepo, tunamkalisha katikati. Kidonda kinaning'inia kwenye tundu, hakigusi kitu. Kwisha kazi!"

Nesi alicheka mpaka miwani ikadondoka. "Mwanangu, mfungie mtu kamba kidoleni, uone ncha ya kidole inakuwaje. Hilo duara litabana pembeni pote, damu ipite wapi iende katikati?"

Ieleweke kwamba mjomba alikuwa anampima tu kama anaijua kazi yake. Nesi alifaulu.

Kwa maelekezo ya nesi, Kiguu-na-Njia akatengeneza kitanda kibaya kuliko vyote alivyowahi kutengeneza. Chini sponji ya wastani, juu sponji laini nene inayomeza umbo la mtu, na juu kabisa shuka la pamba lililolegea, halijakazwa, linafuata mwili unakokwenda. Akirusha kifungo, kinalala. Kinazama kabisa, inabidi kitafutwe. Ilimuuma kukitazama. Kichwa cha kitanda kikashushwa. Akakata kabari za sponji: moja ya kuweka nyuma ya mgongo ili mzee alale kimshazari, si chali wala ubavu kabisa, nyingine kati ya magoti, nyingine chini ya vigimbi vya miguu ili visigino vielee hewani. Na kuvuta makwapani, kunakoburuza nyama kwenye kitanda, kukapigwa marufuku. Mzee ananyanyuliwa kwa shuka, watu wawili, juu halafu pembeni, kama kioo cha kabati.

"Na ageuzwe kila baada ya saa mbili, au mapema," nesi akasema. "Usiku pia mpangiane zamu. Nani anaweza kazi hiyo? Inataka mtu asiyetulia."

Wote wakamgeukia mmoja.

Hapo Kiguu-na-Njia akawa amepewa kazi aliyozaliwa nayo. Hakutumia saa. Alitumia makochi: akimaliza kuvalisha mkono wa kochi, anaenda kumgeuza baba, akimaliza mgongo, anaenda tena. Wateja wakazoea kumwona anatoka mbio na stepla mkononi. Mzee akalalamika.

"Nageuzwageuzwa kama samaki kwenye kikaango! Nikitaka kusinzia tu, huyo!"

"Samaki asipogeuzwa huungua, baba. Shika shingo yangu."

"Ningejua ningezaa mvivu."

Lakini kidonda hakikusogea. Nesi alikuja kukifunga, akatingisha kichwa. Hakijazidi, hakijapungua. Kiguu-na-Njia akachanganyikiwa. Anageuza, anaosha mikono, mashuka anafua. Kuna nini tena?

Mambo yalikuwa mawili. La kwanza mjomba ndiye aliyeligundua, kwa kuwa mzee alimwambia yeye peke yake, wakati binti hayupo. Chakula kilikuwa kinarudi jikoni nusu, na maji yanamwagwa kwa mkono wa kulia kwenye kopo la maua nje ya dirisha. Yale maua yalikuwa yamenenepa.

"Shemeji," mzee akanong'ona, "nikinywa, nachafua. Nikichafua, mwanangu wa kike ananifuta. Sasa si bora nisinywe?"

Kuanzia siku hiyo, kazi ya beseni ikawa ya mjomba. Binti aliambiwa mjomba anataka mazoezi ya mgongo. Mzee akaanza kunywa maji kama lori la zamani, akala mayai, akala maharage, akala samaki mpaka mifupa. Nesi alikuwa ameshasema: shimo haliwezi kujazwa kwa dawa ya kupaka, linajazwa kutoka jikoni.

Jambo la pili lilikuwa la Kiguu-na-Njia mwenyewe, na hakuna aliyelijua. Alikuwa anachungulia. Nesi akishafunga kidonda na kuondoka, yeye huvumilia kochi moja, halafu anainua ukingo wa bandeji. Kidogo tu. Anatazama, anarudisha. Baada ya chai anatazama tena. Aliposhindwa kabisa aligusa kwa pamba, kuona kama ndani pamekauka, na pakatoka damu mbichi nyekundu. Nesi aliporudi alimkuta uani, anatembea kati ya kamba za nguo huku na huku, mikono kichwani.

"Inatoka damu, nesi. Nimemuua."

Nesi akaenda kuangalia. Alipotoka, kwa mara ya kwanza alikuwa amekasirika kweli.

"Nani amekuwa akifungua?"

"Mimi."

"Mara ngapi?"

Kiguu-na-Njia akatazama miguu yake, ambayo haikusimama hata wakati huo.

"Sikiliza, mwanangu. Wewe ukiletewa kochi bovu, unaanza na nini?"

"Nalivua. Natoa uchafu wote."

"Halafu?"

"Najaza."

"Na kitambaa?"

"Mwisho."

"Basi mwili nao ni fundi. Umeshafagia, sasa unajaza. Ile nyekundu yenye chembechembe uliyoikwangua ndiyo nyama mpya, ina vishipa vyembamba kuliko uzi wako, ndiyo maana ilitoka damu. Inapanda kutoka chini. Ngozi itakuja baadaye, ikitambaa kutoka pembeni, na haiwezi kutambaa juu ya pakavu. Inataka unyevu, joto na giza. Kila ukifunua, unapoza, unakausha, unaingiza uchafu, na fundi anaweka nyundo chini anakuangalia wewe. Ungependa mteja aje kufunua kazi yako kila ukipiga stepla?"

"Ningemfukuza."

"Nawe nakufukuza. Baba msumbue utakavyo. Kidonda kiache. Bandeji ikilowa au ikichomoka, niite. Vinginevyo nisikuone hapo."

Hii ndiyo sehemu ambayo watu hawaamini, na mjomba anaapa ni kweli kuliko ya kifungo: Kiguu-na-Njia hakuifunua tena. Kugeuza baba kulikuwa rahisi, kwa kuwa kulikuwa mwendo. Kuacha ndiko kulikomtoa jasho. Alipomgeuza na kuona ule mraba mweupe mgongoni, vidole vilimwasha kama mtu aliyepita kwenye upupu. Alivificha mfukoni. Alikimbilia karakanani akachukua stuli moja ya jikoni, akaivua, akaivalisha, hakuridhika, akaivua, akaivalisha. Ile stuli ilibadilishwa nguo kuliko bibi harusi. Alifagia uwanja uliofagiliwa. Alienda dukani kununua uzi, akarudi bila uzi, akaenda tena. Akilini mwake aliona mfupa, mweupe, unachungulia. Aliona machela mlangoni na baba yake anatolewa amelala, macho yamemtazama yeye.

"Kaa, mwanangu," mzee akamwambia siku moja, akiwa amelazwa kuelekea dirishani. "Kaa hapa tuwatazame hawa wajinga wanavyoendesha."

"Siwezi, baba."

"Najua. Basi simama hapo hapo."

Akasimama. Alisimama muda wa kochi zima, na mzee akawakosoa madereva wote waliopita, mmoja mmoja, kwa majina aliyowatungia. Sauti yake ilikuwa imerudi. Kiguu-na-Njia alilitambua hilo kabla ya nesi.

Siku aliyoitaja nesi kuwa ya kuamua kama mzee arudi hospitali ilipofika, hapakuwa na mtu aliyekunywa chai. Mjomba alimshika mzee begani upande mmoja. Kiguu-na-Njia alikuwa mlangoni, ndani, mlangoni, uani, ndani. Nesi akailowesha bandeji, akaibandua taratibu kama mtu anayefungua barua ya mwingine. Akainama. Akanusa. Akachukua kijiti chake chenye pamba, akalipima shimo, akakitazama kijiti.

"Mnaongea au mnafanya mazishi?" mzee akauliza. "Limefikia wapi hilo shimo?"

"Njoo," nesi akamwambia Kiguu-na-Njia. "Leo nakuruhusu."

Akaja. Pale palipokuwa na njano na weusi palikuwa pekundu kama nyama safi ya buchani, pana chembechembe, panang'aa unyevu. Shimo lilikuwa limepanda. Kidole gumba kisingepata tena mahali pa kuzama. Na pembeni, kuzunguka kote, palikuwa na ukingo mwembamba, wenye rangi ya waridi iliyopauka, umeanza kuingia ndani kama pindo la kitambaa.

"Ngozi," nesi akasema. "Inatambaa. Huyu haendi popote. Lakini msianze kucheza ngoma. Kujaa ni miezi, na hata kikifunga, pale hapatakuwa imara kama zamani. Kovu ni kiraka. Mkirudi kumlaza chali kutwa, patapasuka palepale."

"Hospitali?" mzee akauliza.

"Hospitali hapana."

Mzee Breki akalaza shavu lake kwenye mto. "Shemeji," akasema baadaye kidogo, "nifute macho. Vumbi la sponji."

Na Kiguu-na-Njia? Akaketi. Ndiyo, aliketi, chini sakafuni, mgongo umeegemea kile kitanda chake kilicholegea, akakaa hapo mpaka nesi alipomaliza kufunga, na hata baada ya hapo. Ulimwengu mzima haukuwahi kuona jambo kama hilo. Na miezi ilipopita, na kidonda kikafunga kabisa, kovu likabaki linang'aa dogo kama kifungo, Mzee Breki aliinuka asubuhi moja bila kushikwa na mtu, akavaa kofia yake ya udereva, akatoka nje kwa miguu yake, kuzidi hata alivyoapa, akapanda lori kubwa lililokuwa limeegeshwa pale mlangoni, akawasha, na mtaa mzima ukapiga vigelegele alipolitoa kwa kasi bila kugusa bre—

"Mjomba! Lori gani?"

"Ah, mpwa wangu, kumbe uko nyuma yangu."

"Baba alitoka amekaa kwenye kiti cha magurudumu, tena mimi ndiye niliyekisukuma mpaka kibarazani, na yeye alikuwa ananipigia kelele nikanyage breki! Na kifungo hakikutoboa bati, kipo kwenye kopo la misumari. Na hiyo ya kwamba mimi nilikaa chini umeitoa wapi?"

"Hapo. Ulikaa."

"Nilichuchumaa!"

"Nilikuwa nataka tu kumalizia kwamba lile lori li—"

"Weka kalamu. Nimemaliza mkono wa kochi. Shika shuka upande wa miguu, tumgeuze baba."